Viatu Visivyo na Kamba

Jina lake la shule lilikuwa Mizani, na lilimganda mpaka ukubwani. Walimpachika darasa la kwanza kwa sababu ya mwendo wake, upande huu ukishuka, upande ule ukipanda. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu, tangu homa iliyompata akiwa hajaanza hata kusema. Sasa alikuwa fundi saa, ana kibanda chake cha vioo chini ya ngazi za jengo la maduka. Wateja waliomwita Mizani walidhani ni jina la kazi.

Aliyempachika jina hilo ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Huyu naye aliitwa Kinanda, maana hakuwa ananyamaza. Walikaa dawati moja miaka saba. Mizani alimfanyia hesabu, Kinanda akampigania uwanjani, na walipokua, mmoja akaingia kwenye saa, mwingine akaingia kwenye bima, kazi iliyomfaa kweli maana ni kazi ya mdomo. Kwa hiyo Kinanda alipopata jiko, jina la kwanza kwenye orodha ya wapambe lilikuwa la Mizani, mpambe mkuu, na chini yake wengine watano wa ofisini.

Jumamosi moja asubuhi wakakusanyika kwenye duka la nguo za kiume, wote saba, pamoja na dada wa bibi harusi. Huyo dada ndiye aliyeshika usukani wa harusi nzima, na kila mtu, hata waliomzidi umri, alimwita Dada Mkubwa. Alikuwa mama mwenye sauti laini, hakugombana na mtu. Alikuwa akitabasamu tu, na mambo yakawa alivyotaka.

Suti zilikuwa zimekwisha kukubaliwa, za vipande vitatu, rangi ya makaa. Vilibaki viatu. Muuzaji, bwana mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, aliweka jozi mbili juu ya kaunta ya kioo. Jozi moja ilikuwa ya kamba, nyeusi, pua imechongoka kidogo, kamba nyembamba zimepita kwenye matundu matano. Nyingine ilikuwa ya kuchomeka mguu tu, haina kamba wala kifungo, ina utepe wa ngozi juu.

"Kwa suti hii," alisema muuzaji, "mimi ningesema kamba. Suti ya vipande vitatu na tai inataka kiatu kilichofungwa. Hiki kingine ni kizuri, sikatai, lakini ni cha suruali nyepesi na shati lisilo na tai. Mtu akikivaa na suti kamili anaonekana kama alitoka nyumbani mbio."

Wale watano wakacheka. Kinanda naye akasema hata yeye alikuwa anafikiria kamba.

Dada Mkubwa alikishika kile kisicho na kamba, akakigeuza, akakitazama soli. Kisha, kwa nukta moja tu, akatazama miguu ya Mizani.

"Umetueleza vizuri sana, kaka," alimwambia muuzaji. "Tutachukua hivi visivyo na kamba."

"Kwa suti hii?"

"Suruali mtazipunguza ziishie juu ya kifundo. Ndiyo mtindo wa sasa."

Muuzaji akachukua daftari. Biashara ni biashara. Akaanza kuuliza namba za miguu, mmoja baada ya mwingine, naye alipofika kwa Mizani akasita, maana kiatu cha kushoto cha Mizani kilikuwa na soli nene kama tofali, kimefungwa kamba mpaka juu ya kifundo. Mguu ule ulikuwa mwembamba, hauna nguvu ya kushika. Bila kamba kiatu kingebaki nyuma hatua ya pili.

"Mimi hivi havitanikaa," alisema Mizani, polepole, kwa namna ya mtu anayeomba radhi.

"Oh, jamani," alisema Dada Mkubwa, na akamshika mkono. "Nilisahau kabisa. Basi usijitese, kaka yangu. Hakuna atakayekulaumu ukikaa pembeni. Tutakutafutia shughuli nyingine, ya kukaa."

Mizani alimtazama Kinanda. Kinanda alikuwa ameinamia simu yake, anasoma kitu kirefu.

"Sitakaa pembeni," alisema Mizani. "Nitatengenezewa."

Dada Mkubwa aliendelea kutabasamu, ila mkono wake ulitoka.

Aliyemtengenezea Mizani viatu alikuwa Mama Soli, mjane aliyerithi meza ya mumewe na misumari yake, na kwa ukali akamzidi hata marehemu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimjengea kiatu cha kushoto. Alikuwa akijua mguu ule kuliko mwenye mguu. Alipoambiwa kinachotakiwa, hakuinua hata macho.

"Haiwezekani."

"Mama, ni harusi ya Kinanda."

"Hata iwe harusi ya mfalme. Mguu wako unashikwa na kamba. Toa kamba, umetoa mguu."

Mizani akakaa kwenye kigoda cha wateja, hakuondoka. Mama Soli aliendelea kugonga kisigino cha mtu, akagonga, akagonga, mwisho akaweka nyundo chini.

"Labda," alisema, kama anayejigombeza. "Labda nikipandisha ulimi wa kiatu mpaka hapa, na pembeni nitie lastiki, niifiche ndani ya mshono. Kisigino kwa ndani nitie ngozi iliyogeuzwa, upande wa manyoya, ishike soksi. Na ule unene nitaugawa, nusu ndani, nusu nje, isionekane sana. Lakini itakuuma."

"Iniume tu."

"Unasema hivyo sasa."

Ilichukua siku tisa. Kiatu cha kwanza kilichomoka mguuni pale pale mlangoni. Akakibomoa, akaanza upya. Cha pili kilishika, lakini kilishika kama meno. Kila mchana, wateja wakipungua, Mizani alifunga kibanda na kutembea kutoka kaunta mpaka ngazi, akahesabu hatua kimoyomoyo, akarudi. Malengelenge yakatokea, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Alijifunza kukunja vidole vya mguu ndani ili kiatu kisiteleze, na kuweka uzito upande wa nje. Siku ya sita soksi ilitoka nyekundu kisiginoni, akaifua kwenye ndoo ile ile ya kunawia mikono, akajikaza kisabuni.

Kinanda akampigia simu katikati ya siku hizo.

"Kaka, nasikia unahangaika na viatu. Usijiumize kwa ajili yangu, nakuomba. Ukijitoa sitakasirika hata kidogo."

Mizani akaguswa. "Wewe tulia," alimjibu. "Nitakuwa nyuma yako siku hiyo. Nilikuahidi."

Upande wa pili pakawa kimya. Kinanda, ambaye hakuwa ananyamaza.

Mazoezi ya kuingia ukumbini yalifanyika Alhamisi alasiri, siku tisa kabla ya harusi. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa kwa minara ukutani, sakafu imepigwa dawa ya kung'arisha hadi inaakisi taa. Mizani alifika wa kwanza. Alikuwa amevaa suti yake, suruali imepunguzwa juu ya kifundo kama ilivyoagizwa, na chini yake viatu vya Mama Soli, vyeusi, visivyo na kamba, ambavyo kwa mtu aliye mbali vilikuwa sawa kabisa na vya wenzake.

Muziki ukawashwa. Walitakiwa waingie wawili wawili, hatua mbili, kusita, hatua mbili. Mizani alikaza vidole ndani ya kiatu na kwenda. Kisigino kiliwaka moto. Kiatu hakikutoka. Alifika mbele, akageuka, akasimama mahali pake upande wa kulia wa bwana harusi, jasho likimtiririka mgongoni, uso wake ukicheka wenyewe.

"Umeweza," alisema bibi harusi, aliyekuwa amekaa kando na ndugu zake, na alionekana kusema kwa moyo mmoja.

Dada Mkubwa alikuwa bado anatazama sakafu, pale alipopita. Akamwita Kinanda, wakatoka nje barazani. Kupitia dirisha walionekana, yeye akizungumza, Kinanda akitingisha kichwa juu chini. Waliporudi Dada Mkubwa alipiga makofi mawili.

"Jamani, nimefikiri upya," alisema. "Yule bwana wa dukani alisema kweli. Suti hii inataka viatu vya kamba. Vile tutavirudisha, nimeshazungumza naye."

Wale watano walinung'unika kidogo, si sana. Mizani ndiye aliyecheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi mimi nina bahati," alisema. "Vya kamba ninavyo tangu nizaliwe."

Hakuna aliyecheka naye. Mmoja wa wale watano alianza kufuta miwani yake. Kinanda akamshika bega.

"Twende huku kidogo."

Walikwenda kwenye ujia wa nyuma, penye viti vibovu na ndoo za wafanya usafi. Kinanda alijaribu kuegemea ukuta, akaona una vumbi, akasimama wima.

"Si viatu," alisema.

"Nini si viatu?"

"Sikiliza, usinikatize. Ni video. Tunaingia kwa muziki, watu sita, hatua moja. Ukiwemo wewe, macho yote yataenda kwako. Si kwa ubaya. Macho yanakwenda tu."

Mizani alihamishia uzito kwenye mguu wa kulia.

"Familia yao ni watu wa kutazama sana," aliendelea Kinanda. "Mimi mwenyewe sikuoni tena unavyotembea. Ndiyo maana nilikuandika wa kwanza, sikufikiri."

"Na vile viatu visivyo na kamba?"

"Dada alisema ukiona mwenyewe havikukai, utajitoa kwa heshima. Hakuna atakayekuambia neno, hakuna atakayeumia. Alikuwa anakuonea huruma, kwa kweli."

"Na wewe ulionaje?"

"Niliona ni njia nzuri." Akapangusa bega lake, ambalo halikuwa limegusa ukuta. "Sasa ningejuaje utakwenda kutengenezewa? Nani anatengenezewa viatu siku hizi?"

Mizani aliinama, akavua kiatu cha kushoto, akabaki amekishika. Hakukivua kwa makusudi yoyote. Kilikuwa kinauma tu, na hapakuwa tena na sababu ya kukivumilia. Soksi ilikuwa imelowa. Kinanda aliiona, akageuza uso.

"Utakuja, lakini," alisema. "Mama atauliza. Watu watauliza. Usiniaibishe, kaka."

Kutoka ukumbini Mizani alikwenda moja kwa moja kwa Mama Soli. Mama huyu, kwa kazi ile aliyoifanya, alikuwa ameahirisha viatu vya watu wengine wanne, na alipomwona mlangoni akaacha alichokishika, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Vipi? Vilishika?"

Mizani aliweka jozi juu ya meza yake, katikati ya misumari.

"Vibaya," alisema. "Vimenichana mguu wote. Kila mtu aliona ni viatu vya kiwete."

Haikuwa kweli, na alijua si kweli wakati anasema. Mama Soli alikichukua kile cha kushoto, akaingiza mkono ndani, akapapasa mshono.

"Si ulikwenda nacho kwenye mazoezi? Kilitoka mguuni?"

"Hakikutoka."

"Kilitoa sauti?"

"Mama, sivitaki. Kama unaona ni vizuri, muuzie kilema mwingine. Au zika navyo mumeo mara ya pili."

Maneno yalimtoka hivyo, mabichi. Mtu aliyekuwa akisubiri kisigino chake akainua kichwa. Mama Soli akaviweka viatu kwenye rafu ya juu, pua kwa pua, akarudi kwenye kisigino cha yule mteja.

Mizani alikwenda harusini. Angeweza kuugua, lakini mama yake na mama wa Kinanda walikuwa majirani ukuta kwa ukuta, na maelezo ya kutokwenda yangekuwa marefu kuliko kwenda. Alivaa viatu vyake vya siku zote, vya kamba, na ile suti yenye suruali iliyopunguzwa, maana hakuwa na nyingine. Kitambaa kilichokatwa hakirudi. Kiatu kinene cha kushoto, ambacho suruali ya kawaida ingekificha, kilikuwa wazi chote, kuanzia soli hadi kifundo.

Walimpa kiti meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wakimpita na sinia begani. Wapambe watano wakaingia na muziki. Wawili, wawili, na mmoja peke yake mwishoni, kila mtu na hatua yake, mmoja kushoto, mwenzake kulia. Watu walishangilia tu. Mizani naye akapiga makofi.

Chakula kilipokwisha, Kinanda akachukua kipaza sauti. Hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Alishukuru wazazi, akashukuru wakwe, akamsifu mke wake mpaka wanawake wa meza ya mbele wakapepea vitambaa. Kisha akashusha sauti.

"Kuna mtu mmoja hapa," alisema, "ambaye bila yeye nisingejua hata kujumlisha. Maisha hayakumpa miguu kama yangu na yako. Lakini alinifundisha kusimama. Rafiki yangu, ndugu yangu, Mizani. Simama, kaka. Njoo. Njoo huku mbele nikukumbatie watu wote waone."

Ukumbi mzima ukageuka. Mpiga video alikuja mbio na taa yake, akapiga goti. Mizani alitingisha kichwa, akainua mkono kwamba basi, inatosha. Makofi yakaanza polepole, yakaongezeka, yakawa ya mpigo mmoja, na mzee aliyekaa naye meza moja akamsukuma kwa upole mgongoni.

"Nenda, mwanangu. Usiwe na haya."

Akaenda. Kutoka mlango wa jikoni mpaka meza ya maharusi zilikuwa hatua arobaini na tatu. Alizihesabu kwa mazoea. Taa ilikwenda mbele yake, kinyumenyume, ikimulika chini. Alishuka upande huu, akapanda upande ule, kiatu kinene kikigonga sakafu iliyong'arishwa, na watu wakapiga makofi kwa kufuata hatua zake, kila anaposhuka, pa. Walidhani wanamsaidia.

Kinanda alimkumbatia kwa mikono miwili. Sikioni akamwambia, bila kipaza sauti: "Umeona? Wenzako waliingia sita kwa mpigo, wewe umepata yako peke yako. Usininunie tena."

"Watano," alisema Mizani.

Kinanda hakusikia. Alikuwa amemwekea kipaza sauti mdomoni. "Sema neno moja, kaka."

Mizani alikuwa na maneno, tena mengi. Alikuwa nayo tayari tangu ule ujia wa ndoo, ameyapanga usiku na mchana. Alitazama mbele yake. Bibi harusi alikuwa akimtazama kwa uso mkunjufu, hajui lolote. Kando yake Dada Mkubwa alikuwa na leso machoni, na analia kweli, machozi ya haki, mabega yanatetemeka. Mizani aliona kwamba hata akisema yote, yule mama asingejitambua ndani ya maneno hayo. Kila mtu angeona ni kiwete mwenye kinyongo.

"Nawatakia maisha marefu," alisema.

Kisha ikabidi arudi. Makofi yalimsindikiza mpaka katikati ya ukumbi, yakachoka, yakaisha. Muziki ulikuwa haujaanza. Nusu iliyobaki aliitembea ndani ya mlio wa vijiko na wa kiatu chake mwenyewe.

Jumatatu alikwenda kwa Mama Soli, na alikwenda kuomba msamaha. Alikuwa amenunua hata kitambaa cha kichwa, kimekunjwa kwenye karatasi. Alisalimu. Mama Soli aliitikia salamu, kwa sababu salamu huitikiwa. Mizani akatazama rafu ya juu, hakuviona.

"Nimevibomoa," alisema Mama Soli. "Ngozi ilikuwa nzuri. Nimeitia kiraka kwenye mkoba wa mwalimu."

"Mama, nilisema ovyo siku ile. Sikuwa na hasira na wewe."

"Najua hukuwa na hasira na mimi." Alikata uzi kwa meno. "Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Hao waliokukera uliwapa mkono, sivyo? Ulikula na chakula chao?"

Mizani alikihamishia kile kifurushi mkono wa pili.

"Hicho ulichovaa kitataka soli mpya kabla ya mwezi kwisha. Tafuta fundi mwingine."

"Mama."

"Na hicho ulichokibeba, mpelekee mama yako."

Alipata fundi mwingine mtaa wa pili, bwana mchangamfu, mwepesi wa mikono, aliyemaliza kazi siku hiyo hiyo. Soli aliyoijenga ilipungua upana wa nusu kidole. Kwa mtu mwingine nusu kidole si kitu. Kwa Mizani iliingia kiunoni, ikapanda mgongoni, na baada ya miezi miwili hakuweza kukaa kwenye kiti cha kazi saa mbili mfululizo bila kusimama na kujishika. Alirudi mara tatu kwa Mama Soli. Mara zote tatu alikuta ana wateja, na mara zote tatu hakuinua macho.

Kinanda alipita kibandani mwezi wa tatu baada ya harusi, amenenepa kidogo, ana saa ya baba mkwe wake iliyosimama. Alisimulia juu ya nyumba mpya, akamwonyesha kwenye simu ile video, jinsi watu walivyoandika chini yake kwamba bwana harusi huyu ana moyo wa dhahabu. Mizani aliichukua saa, akainuka kwenda kuiweka kwenye droo ya nyuma. Kinanda alimtazama akienda, akamtazama akirudi.

"Kaka, mguu umezidi?" aliuliza. "Hukuwa unachechemea hivi."

"Jumatano," alisema Mizani, na akamwandikia kikaratasi cha kuchukulia saa.